Kaka analeta MacBook kutoka Muscat. Niuze laptopu yangu ya gemu?

SWALI

Shikamoo dada fundi. Mimi ni mdogo wako niko Iringa, mwaka wa pili chuoni, na mwisho wa juma napiga video za harusi. Nina laptopu ya Windows yenye kadi ya RTX 3050 na memori GB 16. Niliinunua mwaka juzi kwa mtu, kwa pesa za video hizohizo. Inafanya kazi, ila feni zake zinanguruma kama mashine ya kusaga, na umeme ukikatika haifiki saa moja na nusu.

Kaka yangu yuko Muscat. Anarudi likizo Desemba na ameniahidi MacBook Air ya M4. Hapa hosteli kuna jamaa ameiona laptopu yangu, anatoa shilingi 1,500,000 taslimu. Nimeshaanza kuzipigia hesabu: taa mbili, maikrofoni, na kodi ya chumba.

Kinachonikwaza ni gemu. Kila Ijumaa usiku tunakutana wanne chumbani kwangu. EA Sports FC tunacheza kwenye mashine yangu kwa pedi mbili, anayefungwa anampisha mwenzake. Valorant kila mtu na laptopu yake. Mimi peke yangu nina Football Manager, hiyo siachi, na GTA V. Rafiki mmoja anasema Mac haina gemu kabisa. Mwingine ananiapia kwamba siku hizi Mac inacheza kila kitu, hata gemu za Windows zinaingia. Nimsikilize nani? Niuze?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Usiuze. Naanza na hilo kabla jamaa hajakuwekea noti mezani. Mac ipokee kwa mikono miwili na umshukuru kaka yako, lakini ile ya Windows ibaki palepale ilipo, na nguruma yake.

Nasema hivi kwa sababu mwenzio niliuza. Mwaka 2021 nilikuwa na kompyuta ya mezani ya Windows hapa karakana kwangu, Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu wa kiume yuko Dodoma, na kila Jumapili baada ya Isha tulikuwa tunaingia PUBG pamoja, mimi na yeye, tunashuka kwenye ramani huku tunaulizana habari za mama. Nikataka Mac mini ya M1 kwa ajili ya kazi. Muuzaji mmoja akaniambia, "Hii inacheza kila kitu, dada." Sikuuliza zaidi. Nikauza ya Windows Alhamisi, Jumapili nikakaa mbele ya mashine mpya nikagundua kwamba PUBG ya kompyuta haijatengenezwa kwa Mac na hakuna mlango wa kuiingizia. Nikampigia nikamwambia leo siingii. Wiki iliyofuata pia siingii. Ilinichukua miezi minane kununua tena mashine ya Windows, iliyochoka kuliko niliyoiuza, kwa bei kubwa kuliko niliyoiuzia. Mac mini ile naipenda hadi leo, haina kosa. Mimi nilikuwa sijaandika orodha.

Kwa hiyo tuiandike yako.

EA Sports FC: haina toleo la Mac. Na kuiingiza kwa mlango wa nyuma haiwezekani, kwa sababu tangu ilipokuwa bado inaitwa FIFA, toleo la FIFA 23 mwaka 2022, EA wameweka mlinzi wa kuzuia wadanganyifu, na mlinzi huyo anataka kukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows. Pasipo Windows halisi, hafungui geti.

Valorant ni hivyohivyo. Mlinzi wake anaitwa Vanguard. Gemu hiyo iko Windows, na tangu 2024 iko PS5 na Xbox pia. Mac haimo.

GTA V: haikutengenezewa Mac. Hadithi ya mchezaji mmoja unaweza kuiendesha kupitia programu ya ukalimani nitakayoieleza. GTA Online, tangu Septemba 2024 ilipowekewa mlinzi wa BattlEye, isahau.

Football Manager: hapa tabasamu. Iko Mac tangu zamani, na ukiwa umeinunua kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, huilipii mara ya pili. Unaingia kwa akaunti ileile, unapakua toleo la Mac, unaendelea kusajili vijana wako. Na kwa gemu hii Mac ni nzuri kweli: haipigi kelele, haichomi mapaja, na taa ikizimika unamaliza mechi zako bila wasiwasi.

Umeona sasa? Katika nne, moja inahama vizuri, moja inahama nusu, na zile mbili zinazowaleta wenzako chumbani Ijumaa hazihami kabisa. Ungeuza laptopu, ungekuwa umeuza na Ijumaa yenyewe, na si yako peke yako. Ni ya watu wanne.

Kuhusu marafiki zako wawili, kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila kila mmoja amebaki kwenye mwaka wake.

Anayesema Mac haina gemu huenda aliumizwa mwaka 2019. Oktoba ya mwaka huo Apple walitoa macOS Catalina, toleo jipya la mfumo wa Mac, ikakata programu zote za biti 32, yaani za muundo wa zamani. Gemu nyingi za Mac zilikuwa za aina hiyo na wenyewe walishaacha kuzishughulikia, basi zikafa siku moja. Mwaka mmoja kabla yake walitangaza kuiacha taratibu OpenGL, lugha ya picha iliyotumiwa na watengenezaji wengi, wakitaka kila mtu aandike kwa Metal, lugha yao wenyewe. Watengenezaji wengi wakaona soko lenyewe dogo, lugha mpya ya nini? Counter-Strike, iliyokuwa inachezeka Mac kwa miaka, ilipogeuka Counter-Strike 2 mwaka 2023, wenye gemu hiyo, Valve, waliiacha Mac nje. Hilo liliniuma, na sikuwa hata mchezaji wake. Ukirudi nyuma zaidi, Julai 1999 Steve Jobs alisimama jukwaani New York akaionyesha dunia gemu iitwayo Halo, kwamba inakuja Mac. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua kampuni iliyoitengeneza, Halo ikazaliwa na Xbox, na Mac ikaipata Desemba 2003. Watu wa Mac wamezoea kusubiri muda mrefu.

Anayesema inacheza kila kitu naye huenda anakumbuka Boot Camp. Tangu 2006 Mac zenye chipu za Intel ziliweza kuwekewa Windows kamili pembeni. Unazima, unawasha, unachagua mfumo, na Mac inakuwa mashine ya Windows. Lakini Novemba 2020 Apple walianza kutoa Mac zenye chipu zao, M1 na wadogo zake, na humo Boot Camp haimo. Ya kaka yako ni M4. Ule mlango umejengwa ukuta.

Ulichobaki nacho ni ukalimani, nami nataka ukielewe vizuri, maana hapa ndipo vijana wanapopoteza pesa.

Umewahi kukaa kwenye mkutano wenye mkalimani? Mgeni anasema sentensi, mkalimani anaigeuza, ndipo watu wanapiga makofi. Mambo yanafika, lakini yanafika yamechelewa kidogo, na kuna utani unaopotea njiani. Gemu ya Windows ndani ya Mac yako ina wakalimani watatu kwa mpigo. Wa kwanza anaigeuza lugha ya chipu, kwa sababu gemu imeandikiwa chipu za Intel na AMD, na M4 ni ya ukoo mwingine, ule wa simu. Huyo anaitwa Rosetta 2 na ni hodari, kwa kuwa kazi kubwa anaimaliza kabla gemu haijaanza kukimbia. Wa pili anaigeuza lugha ya picha: gemu inasema DirectX, Mac inaelewa Metal. Wa tatu anajibu kwa niaba ya Windows kila gemu inapoomba kitu, fungua faili hili, nipe sauti ile.

Programu inayowaweka wote watatu meza moja ni CrossOver. Ni ya kulipia, ila wanakupa siku 14 za majaribio bure, nazo zinatosha kuijaribu GTA yako. Imejengwa juu ya Wine, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza 1993, na tangu Apple watoe vifaa vyao vya kuhamishia gemu Juni 2023 mambo yamekuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Mimi mwenyewe nimecheza humo gemu kadhaa za mchezaji mmoja mpaka mwisho. Lakini mlinzi wa mtandaoni hakubali mkalimani. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anayejifanya, na mkalimani wa tatu kazi yake ni kujifanya Windows. Hao hawapatani. Ndiyo maana usimlipe mtu wa mtaani anayekuahidi kukuwekea Valorant kwenye Mac. Wateja wanakuja hapa karakana na mashine zilizojazwa takataka baada ya ahadi za namna hiyo.

Kitu kimoja cha kuwekea akilini: Juni 2025 Apple walitangaza kwamba Rosetta itaendelea kamili hadi macOS 27, kisha watabakisha sehemu yake kwa ajili ya gemu za zamani zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo ukizoea mkalimani, usiwe mwepesi wa kubonyeza kila sasisho linapotokea. Subiri usikie wenzako wanasemaje.

Sasa nisikutishe. Gemu zilizotengenezewa Mac yenyewe, zisizohitaji CrossOver, zinazidi kuongezeka na ni kubwa. Resident Evil Village ilifika 2022. Baldur's Gate 3 na No Man's Sky zilifika 2023. Assassin's Creed Shadows ilitoka Machi 2025 siku moja na Windows. Cyberpunk 2077 ikafuata Julai mwaka huohuo. Stardew Valley ipo, Dota 2 ipo, League of Legends ipo, Civilization ipo, na hiyo ndiyo inayonilaza saa nane usiku. Mtu ambaye orodha yake ni hizi namwambia hama, na simfichi furaha yangu. Wewe orodha yako si hii.

Namna ya kujua ni rahisi. Fungua Steam, nenda ukurasa wa gemu, tazama alama ndogo karibu na jina na bei. Dirisha la Windows utaliona karibu kila mahali. Tafuta tunda la Apple. Kisha usiishie hapo: shuka chini usome mahitaji ya mfumo, kwa sababu zipo gemu za zamani zenye tunda ambazo ni zile za biti 32 zilizokufa na Catalina. Andika kwenye daftari, gemu moja mstari mmoja, na pembeni uandike unacheza na nani. Safu hiyo ya pili mimi sikuiandika mwaka ule.

Tuje kwa kaka. Mpigie kabla hajaenda dukani, maana kwenye Mac kinachochaguliwa dukani ndicho utakachokaa nacho. Memori na hifadhi vimeunganishwa kwenye bodi. Hata ukiniletea mimi hapa Tanga na bisibisi zangu zote, siwezi kukuongezea. Memori GB 16 ndiyo ya kuanzia kwenye Air ya M4 na inakutosha. Hifadhi ya kuanzia ni GB 256, na hapo mwombe kaka ajitahidi apate GB 512. Baldur's Gate 3 peke yake inataka GB 150. Harusi moja ya kamera mbili unaijua mwenyewe inakula kiasi gani.

Akishindwa, usimsumbue. Nunua diski ya nje ya SSD. Ila hapa kuna mtego: diski yako ya sasa huenda imeumbizwa kwa fomati ya NTFS, ya Windows. Mac itaisoma, utaona video zako zote, lakini haitakubali kuandika kitu humo. Diski ya kupeleka kazi kati ya mashine mbili iumbize exFAT, zote zinaielewa. Hamisha video kwanza ndipo uumbize, maana kuumbiza kunafuta. Diski ya gemu za Mac iumbize APFS, ya Mac yenyewe, na usiichanganye na kitu kingine. Na mafaili ya gemu ya Windows usijisumbue kuyanakili kwenda Mac. Toleo la Mac linapakuliwa upya lote. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, zile GB 150 ni saa 33 bila kupumzika. Usianze kwa bando la simu.

Mwambie pia aangalie kibodi, maana Uarabuni Mac nyingi zinauzwa zikiwa na herufi za Kiarabu pamoja na za Kilatini. Zinaandika vilevile, ni suala la macho yako. Plagi isikupe shida, Oman wanatumia ileile ya pini tatu kama yetu.

Lingine ni joto. MacBook Air haina feni hata moja. Kwa video za harusi na Football Manager utaifurahia kwa ukimya wake. Kwa gemu nzito, mashine isiyo na feni ina njia moja ya kujipooza, nayo ni kupunguza kasi, basi baada ya muda fremu zinashuka. Iringa kuna baridi, una afadhali kuliko sisi wa pwani, ila usiiweke juu ya godoro. Kama kaka angekuwa ananunua kwa ajili ya Cyberpunk ningemwambia achukue MacBook Pro, ina feni. Kwa kazi yako Air ni sahihi. DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, inafanya kazi pande zote mbili, na utakachokipenda ni kwamba Mac hizi kasi yake haishuki unapochomoa waya. Ya Windows yenye kadi ya RTX ukiichomoa inapungua nguvu mara moja, unajua mwenyewe. Ukiwa ukumbini, umeme umekatika na bwana harusi anataka klipu ya kuweka mtandaoni usiku huohuo, utamkumbuka kaka yako.

Pedi zako usizitupe. Za PS4, PS5 na za Xbox za Bluetooth zinaungana na Mac bila kuinstoli kitu.

Utaniuliza kuhusu kucheza kwa mtandao, gemu inaendeshwa kwenye kompyuta ya mbali na wewe unapokea picha tu. Teknolojia yenyewe ni nzuri. Lakini GeForce Now, kwa mfano, wanataka megabiti 25 kwa sekunde kwa picha ya 1080p. Kwa saa moja hiyo ni GB 11 hivi. Ijumaa moja ya saa nne ni GB 45. Piga hesabu ya bando lako kisha ulale.

Na zile 1,500,000? Najua zinauma, kodi ni kodi. Fungua laptopu yako, au mpe fundi unayemwamini, asafishe vumbi kwenye feni na abadilishe ile dawa ya kupoozea chipu. Nguruma itapungua sana, nimeona mashine nyingi zikifufuka kwa kazi ya saa moja. Taa na maikrofoni, harusi za Desemba zitakulipia. Iache mezani na chaja yake, imeungwa na TV kama mnayo, iwe ya Ijumaa tu.

SWALI

Dada, mwanangu ana miaka kumi. Mjomba wake ametuachia MacBook Air ya M1. Anataka Minecraft acheze na binamu zake wa Kigamboni, wao wanatumia simu. Nimnunulie ya kwenye Mac?

JIBU

Bado, mama, usilipe. Minecraft ziko mbili zenye jina moja. Ya Mac ni Java Edition. Ya simu ni Bedrock, na Bedrock haikutengenezewa Mac. Java na Bedrock hazikutani kwenye ulimwengu mmoja, kwa hiyo utalipa, mtoto atafungua, na binamu hatawaona. Nimeshuhudia mtoto akilia hapa karakana kwa jambo hilohilo, na mama yake amesimama na risiti.

Mnunulie ya simu au ya tableti mliyo nayo, ni bei ndogo kuliko ya kompyuta, wacheze pamoja. Java ya kwenye Mac inaweza kufuata baadaye akitaka kujenga vitu vyake mwenyewe, na M1 inaiendesha vizuri kabisa. Kama binamu wana Roblox pia, hiyo haina ubaguzi: yeye kwenye Mac, wao kwenye simu, wanakutana. Kabla hajaingia, kaa naye uweke umri wake wa kweli na umfungie maongezi na watu asiowajua. Kisha mpigie mama wa Kigamboni umuulize watoto wake wanacheza ipi hasa.